Wenyeviti Watano Kabla ya Saa Sita

Usiniulize kama ametoka, msomaji. Hajatoka. Wiki nzima wewe umekula, umelala, umegombana na majirani ukapatana nao, na Mwenyekiti wa Chama bado yuko pale pale dirishani, nusu ofisini, nusu uani, kitambi kimeshika fremu hakiendi mbele wala hakirudi nyuma.

Kwa aliyechelewa kununua gazeti: ni saa nne asubuhi, makao makuu ya chama. Getini kuna waandishi wa habari wasiopungua kumi. Mezani kuna barua ya wito kutoka Kamati ya Bunge ya Fedha za Kampeni, inayomtaka mwenyekiti wa chama, yeye mwenyewe na si mjumbe wake, afike saa nane mchana na orodha ya wote wanaokipa chama fedha. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akavua koti, akafungua dirisha.

Upande wa miguu alikuwapo Mama Chapa, mpiga chapa wa chama kwa miaka kumi na tisa. Upande wa kichwa alikuwapo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa chama, ambaye watu wamempa jina la Breki kwa sababu huwa anazisahau.

“Vuta, shemeji!” alisema Mama Chapa.

“Navuta! Kitambi hiki kina mizizi!”

“Msinitukane,” Mwenyekiti alisema. “Mimi bado ni kiongozi wenu.”

“Kwa dakika ngapi, mheshimiwa?” Breki aliuliza.

“Barua iko wapi?”

Barua ilikuwa tayari. Huwa tayari siku zote. Kwenye kompyuta ya Mama Chapa mna barua moja tu ya kujiuzulu, aliyoichapa mwaka ule alioajiriwa, na tangu hapo kazi yake ni kubadilisha jina na tarehe. Sababu haibadiliki: kiongozi anaondoka kwa hiari yake ili apate muda zaidi wa kukaa na familia. Imekwisha kuwasitiri viongozi kumi na mmoja. Kuna mke wa mmoja wao aliyepiga simu ofisini kuuliza ni nani aliyeandika vile bila kumshauri.

Breki akamshikia barua kwa nje. Mwenyekiti akatia sahihi huku ananing'inia, uso umemwiva.

“Na muhuri, mheshimiwa,” Mama Chapa alikumbusha. “Huwezi kuondoka na muhuri wa chama.”

“Uko mfuko wa nyuma.”

Hapo Mama Chapa alisita. Ni mama wa watu, mjane, na huko kote alikopita hajawahi kuingiza mkono kwenye suruali ya mwanasiasa. Alifumba macho, akatumbukiza vidole viwili, akautoa muhuri ukiwa bado na joto.

Kisha akafanya anachokifanya kwa kila kitu kinachopita mezani kwake, iwe barua, katoni ya karatasi au chupa kubwa ya maji ya kunywa. Akafungua daftari la muhuri, akaandika: umetolewa na Mwenyekiti, umepokelewa na. Akatia sahihi yake. Mkono ulijiendea wenyewe kwa mazoea, wala hakuifikiria tena.

“Sasa nisukume,” alisema Mwenyekiti. “Huku chini kuna nini?”

“Tumekuwekea godoro,” Breki alimtuliza. “Mojawapo ya yale ya kampeni.”

“Siyo yale!” Mwenyekiti alianza kupiga mateke. “Breki, nakuomba, siyo yale!”

Alikuwa anayajua. Uchaguzi uliopita chama kiligawa magodoro hayo nyumba kwa nyumba, kwa hisani ya mfadhili mkuu, mwenye kiwanda cha magodoro. Ukilikunja vizuri godoro moja linaingia kwenye mkoba wa shule na nafasi ya daftari inabaki. Mama Chapa akasukuma kwa mabega yote mawili. Kishindo kikasikika, halafu sauti nyembamba ikasema, “Nyonga yangu.” Baada ya dakika mbili gari la mwenyekiti lilitokea mlango wa nyuma, na chama kikawa hakina kichwa.

Hakikukaa hivyo muda mrefu. Makamu Mwenyekiti aliingia amevaa suti nyeusi ambayo kwa miaka minne ilikuwa ikining'inia ndani ya gari lake ikisubiri siku hii. Akakalia kiti cha ngozi. Akakizungusha mara mbili. Akampa Mama Chapa simu ampige picha.

“Hongera, mheshimiwa,” alisema Mama Chapa. “Sahihi hapa, kupokea muhuri.”

Makamu akatia sahihi yenye mikia mitatu. “Kuna lingine?”

“Barua hii ya wito. Saa nane uko Bungeni, unasoma orodha ya wafadhili mbele ya kamera.”

Kiti kiliacha kuzunguka.

“Orodha ile?”

“Sijui kama kuna nyingine.”

“Mama Chapa, ile barua unayo?”

“Si hiyo hapo, ya wito?”

“Ya familia.”

Alitawala kwa dakika kumi na nne. Muhuri aliurusha mezani, Mama Chapa akausainia kuupokea, na picha aliomba ifutwe.

Akaja Katibu Mkuu mbio mbio, amesikia viti viwili viko wazi, akatia sahihi ya muhuri kabla hata ya kusalimia. Aliposomewa wito alikaa sakafuni.

“Niandikie barua.”

“Nitaandika unakwenda kukaa na familia.”

“Sina familia. Nimeachwa mara tatu.”

“Wote wanaandika hivyo, mheshimiwa.”

“Basi andika familia yoyote.”

Baada yake Mweka Hazina. Huyu alikuja na bahasha ya kaki chini ya shati, imezungushiwa utepe wa gundi mpaka imekuwa ngumu, akaitua mezani kwa vidole viwili.

“Orodha ndiyo hiyo. Kilichomo sikijui.”

“Si umeiandika wewe?”

“Niliiandika nimefumba macho.” Akasaini kuupokea muhuri na kuutoa kwa mpigo mmoja ili kuokoa muda, akateremka ngazi akiruka mbili mbili.

Wa mwisho alikuwa Kiongozi wa Vijana, mzee wa miaka hamsini na minane mwenye wajukuu wanne. Alisema kwa umri wake bado ni mdogo mno kubebeshwa mzigo mzito namna hiyo. Akatia sahihi kuupokea muhuri, akausukuma kwa Mama Chapa ausainie tena, akakunja fulana yake ya vijana, akaondoka.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Wenyeviti watano walikuwa wamekula kona, magari manne ya chama yameondoka nao, na Mama Chapa amebaki peke yake na muhuri, daftari na bahasha. Alijimiminia chai. Hakuwa na wasiwasi. Kwake ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, tena zimebaki tisa tu.

Siku tisa, halafu anastaafu. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake mwaka mzima. Kiinua mgongo cha miaka kumi na tisa kilikuwa kimeshapangiwa: chumba kimoja cha kupanga jirani na shule ya msingi, mashine moja ya kunakili, meza moja, na ukuta wa bluu. Mwenye nyumba alikwisha kumwahidi. Rangi alikwisha kuichagua, na mchana mmoja alipita akasimama nje ya kile chumba kitupu akatabasamu peke yake mpaka wapita njia wakamsalimia kwa mashaka.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Aliyeingia alikuwa Bwana Godoro, ndiye yule mwenye kiwanda, ndiye mfadhili. Mfupi, mpana, amepachika mfukoni kalamu ya wino wa kijani ambayo kila mtu wa chama anaiogopa.

“Wako wapi?”

“Wamekwenda kukaa na familia zao.”

“Wote?”

“Wote watano.”

“Na mwenyekiti ni nani sasa?”

“Hakuna, mzee. Mimi nimeuhifadhi muhuri tu.”

Bwana Godoro akalivuta daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, ule ambao hakuna mtu aliyekuwa ameusoma tangu chama kizaliwe. Miaka hiyo wanaume wawili walijitangaza wenyeviti siku moja, wakaugombea muhuri mpaka mmoja akang'atwa kidole. Waasisi walipochoka kusuluhisha waliandika kanuni, na kanuni bado iko pale: aliyetia sahihi kuupokea muhuri ndiye mwenyekiti, mpaka mwingine atakapotia sahihi kuupokea kutoka kwake.

Kidole cha Bwana Godoro kikateremka hadi mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho.

“Sahihi hii ya nani?”

“Yangu.”

“Basi hongera. Wewe ndiye mwenyekiti wa chama.”

Mama Chapa alicheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Halafu akamtazama Bwana Godoro, akaona mwenzake hacheki, akakiweka kikombe chini.

“Mzee, mimi ni mpiga chapa.”

“Nafurahi zaidi.” Bwana Godoro akavuta kiti. “Bahasha umeifungua?”

“Haijafunguliwa.”

Bwana mkubwa akashusha pumzi ndefu. “Vizuri. Sikiliza. Utakwenda huko saa nane. Utawaambia mambo mawili tu. La kwanza, bahasha imepotea. La pili, chama kinaupinga muswada wao. Ukirudi unanisainia muhuri mimi, na kesho asubuhi kiinua mgongo chako kiko mkononi. Siku tisa za nini? Kesho.”

“Na nisiposema hivyo?”

“Jengo hili la nani?”

“Lako.”

“Mishahara?”

“Yako.”

“Na kiinua mgongo?”

Mama Chapa aliuona ule ukuta wa bluu ukififia. Bwana Godoro alimpigapiga begani, akasema watakutana huko huko Bungeni, yeye atakaa viti vya nyuma amsikilize vizuri.

Gari lililobaki lilikuwa moja, lile ambalo hakuna kiongozi aliyekubali kukimbia nalo: gari la kampeni, lenye spika nne juu ya paa. Lina ugonjwa wake. Ukiwasha injini, wimbo wa chama unaanza, na hauzimiki mpaka uzime injini.

“Shemeji, hakuna njia ya kimya?” Mama Chapa aliuliza akipanda.

“Tukisukuma,” alijibu Breki, akawasha.

Basi wakapita katikati ya mji mchana kweupe, mwenyekiti mpya amejiinamia, spika zinapiga kelele kwamba tuko pamoja, tuko pamoja, na watu wakipunga mikono bila kujua wanampungia nani. Kwenye taa nyekundu mama mmoja mwenye kapu alilisogelea dirisha.

“Nyinyi ndio wa magodoro?”

“Ndio sisi, mama,” Breki alisema kwa fahari.

“Lenu limenivunja mgongo!” Akalipiga gari kwa kapu hadi taa ilipobadilika.

Mama Chapa alimweleza shemeji yake kila kitu kwa sauti ya juu ili aushinde wimbo. Breki akasikiliza, akapita taa mbili nyekundu.

“Mimi nasema chukua pesa zako,” aliamua. “Huo muswada wenyewe unataka nini?”

“Mtu mmoja asikipe chama zaidi ya kiasi kilichopangwa. Na majina yabandikwe ukutani, kila mtu asome.”

“Basi?”

“Basi.”

“Hilo tu ndilo limewarusha wanaume watano madirishani?”

“Mmoja tu ndiye wa dirishani. Wengine walipita mlangoni.”

Breki alifikiri. “Lakini shemeji, si sheria imeshamkataza mwenye zabuni ya serikali kutoa hata senti kwa chama?”

“Imemkataza. Ni jela.”

“Na magodoro ya hospitali zote anauza nani?”

“Tazama mbele, shemeji!”

Breki alikumbuka breki dakika ya mwisho kabisa. Bahasha iliteleza kutoka mapajani mwa Mama Chapa ikaanguka sakafuni. Aliiokota, akaipangusa vumbi, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

“Unajua mimi nimechapa ilani za uchaguzi mara nne?” alisema. “Kila mara ukurasa wa tisa huwa na ahadi ya moshi wa kiwanda. Kwamba tutauzuia, maana unaingia madarasani pale shuleni. Naichapa vizuri, naipanga, nairudisha. Na kila mara ukurasa wa tisa unarudi umekatwa kwa wino wa kijani.”

“Hukusema kitu?”

“Ningesema nini? Mimi nachapa.”

Lakini ilikuwa inamuuma, msomaji, na ilimuuma mara zote nne. Aliwajua watoto wale. Kile chumba chake cha ukuta wa bluu kiko hatua ishirini kutoka geti la shule, na siku ile aliyosimama pale akitabasamu aliwasikia wakiimba darasani, wakiimba na kukohoa. Ila kiinua mgongo ni kiinua mgongo. Walipofika Bungeni alikuwa bado hajui atasema nini, na spika zilikuwa bado zinasema tuko pamoja.

Chumba cha Kamati kilikuwa na meza ndefu, vinasa sauti kumi na viwili, na kamera zimejipanga ukutani. Katikati alikaa Mama Spika Mdogo, ndivyo wanavyomwita mwenyekiti wa Kamati, mwembamba, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. Bwana Godoro alikuwa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Alimwona Mama Chapa, akapapasa mfuko wa koti taratibu, kama anayesema zimo humu.

“Mwenyekiti wa chama asimame,” alisema Mama Spika Mdogo.

Mama Chapa akasimama. Wabunge wakatazama nyuma yake kumtafuta mwenyekiti.

“Ni mimi, mheshimiwa. Tangu saa sita.”

“Na yule wa jana?”

“Anakaa na familia. Na nyonga yake.”

Kicheko kidogo kilipita chumbani. Mama Spika Mdogo alikuwa hacheki. “Orodha ya wafadhili unayo, au na yenyewe imekwenda kukaa na familia?”

Sentensi ilikuwa imekaa tayari kinywani mwa Mama Chapa: imepotea, mheshimiwa. Maneno mawili, halafu nyumbani, halafu rangi ya bluu. Kule nyuma Bwana Godoro alitoa kalamu yake mfukoni, akaanza kuichezea kati ya vidole. Aliyemwona angesema ni mtu anayengoja hotuba iishe akanywe chai.

Mama Chapa aliiona ile kalamu, na hasira ya ilani nne ikampanda yote kwa pamoja. Sijui niseme alikuwa shujaa. Nadhani alikuwa amechoka kukatwa.

“Bahasha ninayo,” alisema, na akapiga moyo konde, akaanza kuichana.

Gundi ya Mweka Hazina haikuwa ya mchezo. Alivuta kwa vidole, akavuta kwa meno, mbunge mmoja akampa funguo za gari, mwisho akaikalia na kuivutia chini. Ilipopasuka ilitoka karatasi moja tu.

“Soma,” alisema Mama Spika Mdogo.

“Ada za wanachama, laki tatu. Mauzo ya kofia na fulana, laki moja na nusu.” Akashusha kidole mstari wa tatu. “Mchango wa mtu mmoja, milioni mia tisa.”

Kamera zote zikageuka. Wabunge waliokuwa wanasinzia wakaamka, na mmoja aliyekuwa hasinzii akajifanya anasinzia.

“Mtu mmoja? Ana jina?”

“Lipo hapa.”

Lilikuwapo. Mama Chapa alilisoma kimya, akalisoma tena, akaisogeza karatasi karibu na uso. Majina matatu kamili, na mbele yake namba ya kitambulisho. Aliijua namba ile. Ilikuwa kwenye faili la ajira yake, nakala aliyoitoa mwenyewe, kwa mashine ya ofisi, miaka kumi na tisa iliyopita.

“Tunangoja, mama. Ni nani?”

“Ni mimi, mheshimiwa.”

Mama Spika Mdogo aliisukuma miwani juu ya pua.

“Wewe unafanya kazi gani?”

“Mpiga chapa.”

“Unalipwa kiasi gani kwa mwezi?”

Akataja. Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka mpiga picha mmoja akashindwa kushika kamera. Mama Chapa alisimama katikati ya kicheko kile masikio yanamwaka moto. Sasa alielewa yote. Bwana Godoro hakuweza kuandika jina lake, zabuni zingemfunga, kwa hiyo alitafuta jina ambalo hakuna mtu angelijali, na ofisini kwa chama palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akisaini kila anachopewa. Walimvalisha milioni mia tisa bila hata kumwambia asante. Akageuka nyuma. Bwana Godoro alikuwa anasoma dari.

Angeweza kusema si zangu, ni za yule pale. Lakini miaka kumi na tisa alikuwa amechapa mihtasari ya vikao, na alijua vizuri wakubwa wakionyeshwa kidole wanavyofanya. Yule angeruka kimanga, wanasheria wangejaa, na mpiga chapa ndiye angelala ndani. Alitafakari kidogo. Kisha, taratibu, kitu kikamjia, akajikuta anataka kucheka.

“Mheshimiwa, hizo fedha bado zipo,” alisema. “Hapa chini Mweka Hazina ameandika: zimo benki, kampeni hazijaanza, haijaguswa hata senti.”

“Unataka kusema nini?”

“Karatasi ya chama changu inasema nimetoa mimi. Mimi ndiye mwenyekiti, siwezi kukikana chama changu mbele ya Bunge. Nakubali. Ni zangu.”

Kule nyuma kalamu ilianguka.

“Sasa,” Mama Chapa aliendelea, na sauti ilikuwa imepata nguvu, “kama mchangiaji, nimebadilisha mawazo. Naomba nirudishiwe fedha zangu zote.” Akachukua karatasi tupu mezani, akaandika mistari miwili kwa mwandiko safi. “Na kama mwenyekiti wa chama, ombi lako, Mama Chapa, nimelikubali.”

Akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia pumzi, akaugonga. Vinasa sauti vyote kumi na viwili viliuchukua ule mlio.

“Shemeji!” Breki alipaza sauti kutoka mlangoni. “Milioni mia tisa!”

“Nyamaza, shemeji. Na muswada, mheshimiwa, chama kinauunga mkono wote, kuanzia neno la kwanza. Wekeni kiwango, bandikeni majina ukutani, tena ya kweli. Ili mwaka kesho mpiga chapa mwingine asiamke tajiri bila kuambiwa.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Spika Mdogo alivua miwani, akaifuta polepole, akaivaa. Alikuwa mwanasheria kabla ya siasa, na alichokuwa anakiona mbele yake alikipenda, ingawa alijitahidi kisimwonekane usoni.

“Kamati imepokea,” alisema. “Kwa karatasi zilizopo, fedha ni za mama huyu na anazichukua leo kabla benki haijafunga. Isipokuwa kama humu ndani kuna mtu anayesema ni zake.” Aliangalia saa ya ukutani. “Kama yupo, asimame atuambie yeye ni nani, na kwa nini alizificha.”

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kiti kililia.

Bwana Godoro alikuwa ameshika egemeo la kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Makalio yalikuwa yameachana na kiti, magoti yamenyooka nusu. Akitazama kushoto aliziona milioni mia tisa zikitoka benki na mpiga chapa. Akitazama kulia alimwona askari wa Bunge, amesimama, anamtazama yeye. Hakushuka, hakupanda. Kamera moja baada ya nyingine ikamgeukia.

“Bwana wa nyuma,” alisema Mama Spika Mdogo, kwa upole sana. “Unasimama, au unakaa?”